Nilimwambia Amekufa

Haikuwa usiku. Naanza na hilo kwa sababu kila nikifungua mdomo kusimulia kisa hiki, watu wanajikunyata na kungoja giza, mbwa na upepo. Hakuna mbwa hapa. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Bujumbura linachoma mabati, na mimi nilikuwa na akili zangu timamu na njaa yangu tumboni. Silewi, sivuti. Mke wangu ni shahidi kwamba uongo ninaujua, lakini uongo wangu wote ni wa mambo madogo madogo ya gereji. Hili si la gereji. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, tuendelee.

Mimi ni fundi, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, nimekulia chini ya magari ya watu. Sisi mafundi wa pale tuna namna yetu ya kusema. Ukituletea injini hatukwambii ina kasoro. Tunaitazama mara moja, tunafuta mikono, tunasema: "Iyi imekufa." Hata kama haijafa! Mwenye gari anashtuka, analainika, anaacha kubishana, na siku ukiifufua anakuona wewe ni mtu. Baba yangu alisema hivyo, nami nikarithi. Mke wangu alikuwa akinionya, "We bwana, mudomo yako inatangulia akili yako." Nilikuwa nacheka sana. Kumbe mwenzangu alikuwa anaona mbali.

Ulipofika wakati wa ambargo, majirani wametufungia mipaka kwa sababu ya vita vyetu, mazutu, yaani dizeli, ikawa adimu kuliko dawa. Magari yakapandishwa juu ya mawe, gereji ikawa ya kuku. Nikapata kazi kwenye kliniki moja mjini, jina lake halina faida kwako. Nilitunza jenereta, friji za dawa, mafeni, taa, kila kitu chenye waya. Hapo ndipo nilipojuana na Dokta Leonsi, na hapo ndipo nilipoiona ile mashine.

Dokta alisomea moyo huko Ulaya. Aliporudi nyumbani, kabla mambo hayajaharibika kabisa, alikuja na mashine kuukuu aliyopewa bure na hospitali aliyosomea. Ungeiona ungesema ni pampu ya maji imepandishwa kwenye kitoroli. Lakini sikia kazi yake. Mpira mmoja unaingia kwenye mshipa mkubwa wa pajani na kutoa damu, nyeusi. Damu inapita kwenye chombo kinachoilisha oksijeni, inageuka nyekundu ya kung'aa, halafu pampu inairudisha mwilini kwa mpira wa pili. Moyo umesimama, mapafu yamelala, na damu inaendelea na safari zake nje ya mtu! Nilipoelezwa mara ya kwanza nilisema astaghfirullah, nikamuuliza kama jambo hilo linaruhusiwa.

Kila Jumatano saa ya chakula tulifanya mazoezi, mimi na yeye. Tulitia sirop ya kikohozi ya watoto kwenye ndoo ya maji, ile nyekundu, tukaizungusha kwenye mipira. Alinifundisha pia manivela, mkono wa chuma unaochomekwa pembeni ili pampu izungushwe kwa nguvu za mtu umeme ukikatika. Ilibidi nijue mwendo wake, na nijue kubadilisha mkono wa kulia na wa kushoto bila kukosa mzunguko hata mmoja. Wauguzi walikuwa wakipita wanatucheka, "Mashine ya sirop, leo imeponya nani?" Dokta anacheka nao. Karibu miaka miwili ilipita haijamgusa mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimeshanawa, nataka kwenda msikitini, nikasikia Dokta ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Fundi! Leta mashine!"

Jina la mgonjwa nililijua baadaye, lakini nakupa sasa usipotee: Fransine, mwalimu wa shule ya msingi, wa Ruziba, kusini mwa mji. Alikuwa na malaria kali. Kuna mtu huko kwao alimtundikia dripu ya kinini. Dawa ile inatakiwa kuingia pole pole, kwa saa nyingi. Lakini barabara ya kusini ilikuwa inafungwa mapema siku hizo kwa ajili ya usalama, gari lililopatikana lilikuwa linapiga honi, dereva anatukana, basi mtu yule akafungua dripu yote iishe haraka wapate kuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, kama sisi sote miaka ile. Walipofika mlangoni kwetu, moyo wa binti ukasimama.

Nilimkuta Mama Sabina, muuguzi wetu mkubwa, anamkandamiza kifua, jasho linamtiririka. Dokta huku anachana paja, huku anaongea, nadhani alikuwa anajisemesha mwenyewe. "Uyu mutoto moyo yake haina ugonjwa. Imelewa tu. Imelewa kinini. Ulevi utaisha, masaa tatu, ine. Tuibebeye kazi mpaka iamuke." Mimi nilisimama nyuma ya mashine, upande wa miguuni. Kichwa cha mgonjwa kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kijani, mwili umefunikwa, na katikati yetu mgongo wa Dokta. Sura ya mgonjwa sikuiona. Kumbuka hilo.

Mipira ikaingia. Tukawasha. Ile damu nyeusi ilipotoka, ikapita, ikarudi nyekundu, Mama Sabina aliacha kukandamiza na kujishika mdomo. Mimi nilitaka kulia, sioni haya kukwambia. Sirop yetu ya Jumatano ilikuwa imekuwa damu ya mtu.

Haikupita robo saa, umeme ukakatika. Jenereta? Ilikuwa kavu tangu Jumanne. Nikachomeka manivela nikaanza kuzungusha.

We umewahi kuzungusha kitu kimoja saa nzima? Dakika kumi za kwanza unajiona shujaa. Baadaye bega linaanza kukuuliza maswali. Nilizungusha kwa subhanallah, kila mzunguko subhanallah moja, ili nisiharakishe wala nisichelewe. Dokta alinipokea mara mbili, kisha akatoka kwenda kutafuta chupa nyingine ya oksijeni maana ya kwetu ilikuwa inaishia. Tukabaki wawili, mimi na manivela yangu, Mama Sabina kule kichwani anabonyeza mfuko wa pumzi. Kile kioo kidogo cha kuonyesha mapigo ya moyo, kilichokuwa na betri yake, kilichora mstari umelala, kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna kitu. Nami nilianza kuuangalia ule mstari kwa jicho la fundi.

Ndipo nikamwona amesimama karibu yangu.

Msichana. Miguu peku, kitenge kimefungwa kifuani. Nywele upande mmoja zimesukwa, upande wa pili zimetimka, kama mtu aliyeondoka kwa msusi kabla hajamalizwa. Sikushtuka. Kwa nini nishtuke? Pale kwetu ndugu za wagonjwa walikuwa wanapenya kila mahali, unawafukuza mlangoni wanaingilia dirishani. Nikadhani ni mdogo wake mgonjwa. Alikuwa anatazama damu inavyopita kwenye mpira, anaifuata kwa macho, inakwenda, inarudi.

"Papa," akaniuliza, "iyi damu ni ya nani?"

"Ya uyu mugonjwa."

"Kwa nini iko inje?"

"Moyo yake imesimama."

Akajikumbatia, akasema anasikia baridi. Mchana ule, mimi natoka jasho mpaka kwenye nyusi! Kisha akauliza, pole pole, kwa adabu kabisa, "Atapona?"

Sasa nieleze. Bega lilikuwa linawaka. Sala ya Ijumaa imenipita. Mstari umelala. Na mbele yangu mtu ananiuliza swali lile lile nililoulizwa maisha yangu yote na watu wenye magari. Mdomo wangu ukatangulia.

"Apana, mutoto wangu," nikasema. "Uyu amekufa. Alishakufa zamani. Tunazungusha tu kwa sababu Dokta anapenda."

Hakulia. Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyeambiwa duka limefungwa. "Aa," akasema. "Basi, acha mi niende." Akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlango wa uani, uliokuwa wazi, jua limejaa.

Na hapo mpira ukaanza kutikisika mkononi mwangu.

Niamini. Mpira wa kutoa damu ulianza kupiga-piga, ta-ta-ta-ta, kama bomba la bustani linalovuta hewa. Damu ilikataa kuja. Manivela ikawa nyepesi, inazunguka bure. Kila hatua ya yule msichana, mpira unatikisika zaidi. Dokta akaingia na chupa yake begani, akaona, akapiga kelele, "Punguza! Mutu iko anakauka! Damu iko wapi?" Akatupa chupa chini, akaanza kushika mipira, kubonyeza paja, kumwinua miguu, anatafuta. Mimi nilikuwa namtazama msichana mlangoni. Nilipomtazama safari hii, niliona kwamba jua lote lile linampenya, hana kivuli. Halikuwa na kitu cha kukizunguka.

Kichwani mwangu kila kitu kikakaa mahali pake kwa mara moja. Nilikuwa nimefanya nini? Ya Rabi, nilikuwa nimefanya nini kwa mdomo huu?

"Rudi!" nikapiga ukelele. "We mutoto, rudi! Nimekosea!"

Dokta akadhani nimerukwa na akili. Mama Sabina akaanza kusali kwa Kirundi.

"Mi ni fundi wa magari!" Nalia sasa, nazungusha, nalia. "Mi sijuwi kitu ya watu! Usinisikilize! Aujakufa!"

Alisimama kwenye kizingiti. Hakugeuka. Akaniuliza, na sauti yake nilikuwa naisikia karibu na sikio wakati yeye yuko mbali, "Unasema kweli, ao unanihurumia?"

Nikamwapia. "Wallahi," nikasema, "uko muzima."

Sasa nikuulize wewe. Nilijua? Sikujua. Mara ya kwanza nilipomwambia amekufa sikujua, na mara ya pili nilipoapa kwa jina la Mungu kwamba yu hai sikujua pia. Nimewauliza masheikh wawili kuhusu kiapo kile. Mmoja alisema nifunge siku tatu, mwingine aliniwekea mkono begani tu. Nilifunga.

Sikumwona akirudi. Niliona tu kwamba kizingiti ni kitupu, na manivela ikawa nzito mkononi mwangu, nzito ya kupendeza, na mpira ukatulia na kujaa. Dokta akashusha pumzi. "Doucement, fundi," akaniambia, "pole pole, imerudi." Alikuwa anazungumzia damu. Akanipokea manivela, nikakaa sakafuni.

Tulizungusha mpaka baada ya adhana ya alasiri, tunapokezana. Nilipokuwa kwenye zamu yangu sikusema neno lingine ila subhanallah, na nilizungusha kana kwamba ni mwanangu wa kumzaa. Kwanza mstari uliruka mara moja. Kisha ukakaa kimya mpaka tukakata tamaa. Kisha ukaruka mara mbili, tatu, ukashika mwendo. Dokta Leonsi, mtu mzima na digrii zake, alikaa juu ya ndoo ya takataka akalia kwa sauti. Huko nje mama mtu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Ruziba, alipoambiwa moyo umerudi hakuelewa, maana mchana alipoambiwa umesimama alikuwa ameshatuma watu nyumbani wakaanze kilio. Ilibidi watumwe wengine wakawanyamazishe.

Mama Sabina akafungua kitambaa cha kichwani ili amfute uso. Nikasogea. Nywele upande mmoja zimesukwa, upande wa pili zimetimka. Nilitoka nikaenda uani. Baadaye Mama Sabina aliniuliza, "Fundi, kabla mpira haujatikisika, ulikuwa unaongea na nani?" Nikamwambia ni uchovu.

Nilidhani yameisha. Nilijiambia binti hatakumbuka chochote, na kweli alipoamka, siku ya tatu, Dokta alimuuliza akajibu kwamba anakumbuka honi ya gari tu. Nikashukuru. Lakini alikuwa hali chakula. Akipewa uji anaugeuzia uso, akipewa maji anafunga meno. Hakuwa mkorofi. Alikuwa anamwambia mama yake, kwa upole ule ule, "Mama, usipoteze chakula."

Siku ya tano niliitwa chumbani kwake kutengeneza feni. Nilipanda juu ya kiti, nikaifungua, nikaona mota imeungua. Na we unajua nilisema nini, maana nimeshakueleza mimi ni mtu wa namna gani.

"Iyi imekufa."

Fransine alipiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia nikilala upande wa kushoto. Mama yake akamshika. Alikuwa ananyoosha kidole kwangu. "Ni uyu! Ni uyu papa aliniambia! Alikuwa anazungusha, shati yake imepasuka hapa, hapa nyuma!" Ilikuwa kweli, lile shati lilikuwa limepasuka mgongoni, na yeye alikuwa amelala chali, macho yamefunikwa, upande wa mbele yangu.

Dokta alikuja mbio. Ikabidi niseme yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaenda dirishani. Kisha akasema, "Mi nilisomea damu inatoka aje, inarudi aje. Mwenye damu anangojea wapi, hawakutufundisha." Hakutaka tulizungumze tena.

Mimi nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwomba radhi msichana aliyeweza kuwa binti yangu. Alinitazama sana. Hakuniuliza kwa nini nilisema vile. Aliniuliza jambo moja tu:

"Papa, basi mi niko?"

"Uko, mwanangu."

"Kweli?"

"Uko."

Akamgeukia mama yake akaomba uji. Akamaliza bakuli.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, Fransine anakuja kwangu, mwanzo kliniki, na tangu nilipofungua tena gereji, Buyenzi. Alirudi kufundisha, akaolewa, akazaa watoto wawili, ana sauti nzuri kwenye kwaya ya kanisa lao. Ukimwona hutajua lolote. Anakuja, anasimama pembeni mpaka nimalize na mteja, ananiuliza, "Papa, niko?" Namjibu, "Uko." Anaaga, anapanda basi lake la Ruziba. Mume wake amejaribu kumjibu, padri wao amejaribu. Anawashukuru, lakini yao haimwingii. Neno lililomtoa ni langu, na lililomrudisha ni langu.

Wakati barabara ya kusini ilipofungwa kwa mapigano wiki mbili mfululizo, alitembea kwa miguu kandokando ya ziwa mpaka mjini, risasi zinalia milimani. Nilimgombeza kama baba. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali lake. Mwaka mwingine mimi ndiye niliyelazwa na homa, gereji ikafungwa Ijumaa ile. Jumapili mama yake alinifikia kitandani, analia, kwamba Fransine amekaa chini sebuleni siku mbili, hali, hanywi, hamjibu mtoto wake mdogo anayemvuta nguo. Nikabebwa kwenye baiskeli mpaka Ruziba, natetemeka ndani ya blanketi. Nilimkuta ngozi yake baridi kama chungu cha maji. Nikamwambia uko. Ilibidi nirudie mara nyingi, sauti yenyewe sina. Alipoinuka, mtoto wake alimkimbilia, mimi nikageukia ukuta.

Vita vimekwisha. Mimi sasa ni mzee, sukari imenishika, mguu mmoja hauna habari na mwenzake. Mwezi uliopita nilijitia ujasiri, nikamuuliza itakuwaje siku nikiondoka. Nilikuwa nimelala macho wiki nzima nikiliwaza hilo. Yeye alishangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo aliloliamua zamani.

"Papa, usiogope," akaniambia. "Siku watu watasema umekufa, mi nitakuja. Nitasimama pale, kwenye mulango. Nikiona bado uko, nitakuambia. Na kama ni kweli, tutaenda wote."

Sikulala tena usiku ule, na sikujua kama ninaogopa au nimefarijika.

Basi wewe uliyekaa hapa ukanisikiliza, mimi sina haja uniamini. Ila siku ukiwa kando ya mtu aliyelala, hata akiwa wa baridi, hata mstari wake ukiwa umelala, chunga mdomo wako. Na akitokea mtu usiyemjua akakuuliza kwa adabu kama mgonjwa yule atapona, usimjibu kama fundi. Mwambie hujui. Lilikuwa ndilo neno la kweli peke yake nililokuwa nalo siku ile, na sikulisema.